Kuku Aliyemkomboa Leodgar

Katika Mkoa wa Tabora kuna sheria nyingi. Ipo ya barabarani, ambayo waendesha bodaboda wameisikia kwa mbali. Ipo ya misitu, ambayo wachoma mkaa wanaiheshimu sana wakati bwana misitu yupo. Na ipo ya utani, ambayo haikuandikwa popote, haina polisi wala hakimu, na ndiyo pekee inayotiiwa na kila mtu. Kwa mujibu wa sheria hiyo, Mnyamwezi na Mzaramo wakikutana, hata kama ni msibani, hata kama mmoja ni mkuu wa wilaya na mwingine anauza karanga, wana haki ya kutukanana bila kununiana. Jambo lenyewe ni la zamani, tangu misafara ya pembe ilipokuwa ikishuka kutoka Tabora hadi pwani, Wanyamwezi wakikatiza Uzaramo na mizigo kichwani. Walianza kwa kugombana, wakachoka kugombana, wakaamua kuchekana. Tangu hapo, atakayekasirika ndiye mwenye kosa.

Daktari Tunu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mwenye sauti ndogo. Aliletwa kufanya kazi katika hospitali moja ya mjini Tabora akiwa na begi moja na hofu ya ugeni. Hofu iliisha siku ileile. Mlinzi wa getini alipojua kabila lake alimtangaza kuwa mtumwa wake mtoro. Mpishi wa kantini akamnyang'anya kijiko. Kabla ya chai ya saa nne Tunu alikuwa amekwisha kumwambia muuguzi mkuu kwamba kichwa chake ni bapa kwa sababu ya pembe alizobeba babu yake, na muuguzi mkuu, mama mwenye kuogopwa na wodi nzima, alicheka akaomba aguswe kichwa ionekane kama ni kweli. Tunu akajiona amefika nyumbani.

Kwa hiyo tusimlaumu sana kwa alichofanya Leodgar alipoingia chumbani kwake.

Leodgar alikuwa mrina asali wa Kwihara, nje kidogo ya mji, mtu mrefu aliyezoea kupanda miti, na sasa alitembea kama anayekanyaga miiba, mkono mmoja begani kwa mkewe Josepha. Tunu alimwamkia Josepha, akaitikiwa, kisha akamgeukia mume na kuanza shikamoo ya pili. Haikufika mwisho. Mlinzi wa getini alikwisha kufanya kazi yake ya kutangaza.

"Acha hapohapo," alisema Leodgar. "Shikamoo ni ya watu na watoto wao. Wewe ni mtumwa wangu. Siku ukiniamkia nitajua kuna msiba."

Tunu akaimeza shikamoo yake, akamwambia apandishe suruali aone kilichobaki cha mpagazi.

Kilichobaki hakikuwa kizuri. Chini ya magoti ngozi ilijaa vinundu vyekundu vinavyoelekea zambarau, kimoja kama punje ya hindi, kingine kama yai la kanga, vya moto, vyenye maumivu hata shuka likivigusa. Vifundo vya miguu vilikuwa vimevimba mpaka mfupa haukuonekana. Zahanati moja ilikuwa imesema ni majipu, ikampa dawa ya majipu. Nyingine ilisema ni gauti, ikamkataza nyama. Leodgar aliona wote hawajui kitu, akaenda kwa nyuki wake, akawashika mmoja mmoja na kuwaweka vifundoni wamuume, kwa maana warina asali wengi huamini kuwa sumu ya nyuki hufukuza maumivu ya viungo. Nyuki walikufa. Maumivu yalibaki.

Tunu alitikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akamweleza mgonjwa kwamba dawa ipo: miguu ikatwe yote miwili na kupelekwa Kisarawe, kwa kuwa ni mirefu na mikavu na ingefaa sana kupigia ngoma. Leodgar alicheka hadi kitanda cha kupimia kikalia. Hata Josepha, ambaye hakuwa ametabasamu tangu getini, alicheka. Ulikuwa utani mzuri, wa hali ya juu, na Tunu angekuja kutamani kwa roho yake yote kwamba asingeutamka.

Kilichomfanya aache kucheka ni kinundu kimoja kwenye ugoko wa kushoto, kilichokuwa kimejipasua chenyewe. Alikifuta kwa pamba akitegemea usaha. Usaha haukuwapo. Palitoka maji mazito ya manjano, yasiyo na harufu, na alipoiweka pamba kwenye karatasi, karatasi ililowa na kung'aa kama ile ya kufungia chapati. Yalikuwa mafuta. Mguu wa mtu ulikuwa unatoa mafuta.

Tunu alikumbuka picha moja ya darasani, katika kipindi cha baada ya chakula cha mchana ambacho nusu ya wanafunzi walikihudhuria wakiwa wamelala. Yeye alikuwa katika nusu iliyobaki, kwa bahati tu, kwa kuwa aliyekaa nyuma yake alikuwa akimtekenya shingo kwa unyoya. Akamuuliza Leodgar kama tumbo linamuuma. Hapana, alijibu, tumbo lake ni zima, liliwahi kumuuma vibaya mwaka uliopita likapoa lenyewe. Akamuuliza kuhusu pombe. Leodgar alikiri wanzuki, ile pombe ya asali, na akaongeza kwamba mtu anayerina asali halafu asinywe wanzuki ni sawa na mwalimu asiyeshika chaki. Akamuuliza Josepha kama mumewe amekonda. Josepha alivuta mkanda wa suruali ya mumewe kuonyesha matundu mapya yaliyotobolewa kwa msumari.

Tunu akatoa damu, akaagiza kipimo cha kongosho, akampeleka kwenye ultrasaundi.

Majibu yalipotoka yalikuwa juu mno, hata fundi wa maabara akarudia kipimo kwa kudhani mashine imeharibika. Haikuwa imeharibika. Na kwenye picha, nyuma ya tumbo la chakula, pale kongosho linapokaa, palikuwa na kifuko cha maji chenye ukubwa wa chungwa.

Tunu aliwaita mume na mke, akafunga mlango, akakaa. Aliwaeleza polepole. Kongosho, alisema, hutengeneza maji ya kusagia chakula, yakiwemo yanayosaga mafuta. La Leodgar limeumia, pengine kwa sababu ya wanzuki, na maji yake yamepata njia ya kuvujia kwenye damu. Damu inayapeleka mbali, na yakifika miguuni yanakuta mafuta chini ya ngozi na ndani ya vifundo, nayo hayajui kwamba hayo si chakula. Yanasaga. Hivyo vinundu ni nyama yake mwenyewe ikisagwa. Kifuko kile kinatakiwa kutolewa maji na wataalamu wa Mwanza, tena haraka, kwa sababu kinaweza kupasuka au kutoa damu, na miguu nayo itaendelea kuliwa.

Leodgar alisikiliza yote kwa makini, kichwa kimeinama.

"Kwa hiyo mwili wangu unanila," alisema.

"Ndiyo."

"Na umeamua kuanza na miguu."

"Ndiyo, mtani."

Lile neno la mwisho lilimtoka kwa mazoea, na ndilo lililomponza. Leodgar aliinua uso, machozi yakimlengalenga, mabega yakitikisika.

"Mzaramo ameitaka miguu yangu tangu siku ya kwanza," alisema. "Ameona siitoi, sasa amelituma kongosho."

Akacheka mpaka akakohoa. Tunu alisema hatanii. Leodgar alisema hivyo ndivyo mtani wa kweli anavyosema. Tunu alimwonyesha picha. Aliitazama kwa heshima, akauliza ni ramani ya Kisarawe au ni ya Bagamoyo. Jioni ile habari ilikuwa imeenea Kwihara yote kwamba kuna Mzaramo hospitalini anayetibu miguu kwa kupasua tumbo, na watu wazima waliiga sauti yake ndogo vilabuni.

Hapo ndipo Tunu alipoitambua hatari aliyokuwa nayo. Sheria ya utani ina mlango mpana wa kuingilia, lakini hakuna aliyefikiria kuweka wa kutokea. Kila alilosema kwa uzito lilihesabiwa kuwa utani bora kuliko lile la kabla. Alipompigia Leodgar simu, Leodgar aliweka sauti kubwa ili wageni wafaidi. Alipomwomba Daktari Amon, Mnyamwezi wa Nzega mwenye miwani na uso usiojua mzaha, ampigie kwa niaba yake, Leodgar alimpongeza Amon kwa ukarimu wa kukubali kuwa shahidi wa uongo, akamuuliza mateka wa Wazaramo wanalipwaje siku hizi. Amon alirudisha simu mezani kama mtu aliyeguswa na nyaya za umeme. Alisema hajawahi kutukanwa kwa furaha namna ile.

Kisha Josepha akapiga. Alizungumza kwa sauti ya chini, akiwa nyuma ya nyumba. Mume wake alikuwa na homa asubuhi. Kinundu kingine kimepasuka karibu na goti, na kifundo cha kulia hakikunjiki tena. Usiku anauma shuka ili asipige kelele, na kukicha anawasimulia watu habari za kongosho na kuwachekesha. Na kesho, alisema, lori la asali linaondoka.

Tunu alilijua lori hilo. Msimu wa kurina ulikuwa umefika, na warina asali wa pande zile huingia kwenye misitu ya kusini, ng'ambo ya Sikonge, wakapiga kambi huko mpaka ndoo zijae. Hakuna simu. Barabara ikiharibika, gari halitoki. Mtu akipasukiwa na kitu tumboni kule, atakayejua kwanza ni tai.

"Anacheka sana, mwanangu," alisema Josepha. "Zamani hakuwa anacheka hivi."

Asubuhi iliyofuata Tunu aliomba ruhusa, akapanda bodaboda kwenda Kwihara. Wakiwa njiani alijaribu maneno yake. Aliyapanga kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu, yaani kwa ustadi mkubwa na bila matumaini yoyote. Walipoipita njia ya kwenda kwenye tembe la makumbusho, aliliona lori kwa mbali, limeegeshwa mbele ya nyumba ya Leodgar, nalo limejaa: ndoo tupu, kamba, magunia ya unga, masufuria, baiskeli mbili zimening'inizwa pembeni. Vijana walikuwa wakifunga turubai. Mwenye lori, Mzee Nurdini, mfanyabiashara wa asali na nta kutoka mjini, alikuwa amesimama na kofia yake ya kitambaa cheupe akisimamia kila fundo la kamba. Dereva alikwisha kuwasha injini.

Leodgar alikuwa ameketi juu ya gunia, kitenge cha mkewe kimefunika miguu yake. Alipomwona Tunu akishuka, alipiga makofi.

"Jamani, tuondoke upesi," alitangaza. "Mwenye miguu amekuja kuichukua."

Uwanja mzima ulicheka. Tunu alimwamkia Mzee Nurdini, akamwamkia Josepha aliyesimama mlangoni na kanga kichwani, kisha akasimama mbele ya Leodgar na kusema aliyoyapanga. Alisema kifuko kitapasuka. Alisema miguu haitapona kwa nyuki wala kwa dawa ya majipu. Kila sentensi ilipokewa kwa vigelegele. Kijana mmoja alishika tumbo lake akaanguka chini akitetemeka, kuonyesha jinsi kongosho linavyopasuka, na akashangiliwa. Tunu aliona uso wa Leodgar kwa karibu: ngozi imekauka, jasho juu ya mdomo ingawa asubuhi ilikuwa na baridi, na kicheko kilichokuwa kinafika nyuma kidogo ya vicheko vya wenzake, kama mtu anayeimba wimbo asioujua.

Machozi yakamtoka. Hakuyapanga hayo. Hapo Mzee Nurdini, mtu mwenye haki, alikiri mbele ya wote kwamba Wazaramo wamejaliwa kulia, kwamba hata msibani hukodiwa waje kulia, na kwamba hajaona kilio kizuri namna hii tangu Mzaramo aliyekuwa jirani yake aliporudi kwao Maneromango.

Basi Tunu akakausha uso kwa mkono wa koti na kuishika sheria kwa mapembe yake. Mtani ana haki moja kubwa kuliko kutukana: ana haki ya kuteka. Akiingia nyumbani kwa mtani wake anaweza kushika jembe, sufuria, hata mbuzi, akasema ni chake, na mwenye mali hawezi kumzuia kwa nguvu. Tunu alimshika Leodgar bega.

"Nateka huyu," alisema. "Ni mateka wangu. Anakwenda ninakokwenda mimi."

Kicheko kikakatika kidogo, maana hili lilikuwa jambo la kitaalamu. Watu walimgeukia Mzee Nurdini kama mtu mzima kuliko wote. Mzee alivua kofia, akakuna kichwa, akairudisha. Alisema amewahi kuona mtani akiteka jeneza, na waliokuwa wamelibeba walilitua. Amewahi kuona mtani akiteka bwana harusi, na harusi ikasubiri. Kwa hiyo mtu anatekwa, haina ubishi. Lakini, aliendelea Mzee Nurdini, mateka hukombolewa. Ndivyo ilivyo tangu enzi za misafara, na atakayekataa ukombozi atakuwa ameleta ugomvi badala ya utani.

Leodgar hakusubiri. Alimwita kijana aliyekufa kwa kongosho, akamtuma nyuma ya nyumba, na muda si muda Tunu alikuwa amewekewa mikononi kuku mwekundu mwenye hasira, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Watu walishangilia. Leodgar alikuwa amekombolewa kihalali, mbele ya mashahidi, na sasa hakuna Mzaramo duniani aliyeweza kumgusa.

"Twende," alimwambia dereva.

Akajiinua. Mkono mmoja aliuweka kwenye ubao wa lori, mguu wa kushoto ukasimama, wa kulia ukakataa. Kitenge kiliteleza. Kwa muda mfupi kila mtu aliviona vile vinundu, na mfereji mwembamba wa mafuta ulioshuka kwenye ugoko ukimeta kwenye jua. Vijana walitazama pembeni kwa adabu. Leodgar alikiokota kitenge, akasema jambo fulani la kuchekesha kuhusu alizeti, na wachache wakacheka.

Tunu alisimama na kuku wake. Alikuwa amejaribu kusema kweli, ikageuka mzaha. Alilia, ikawa mzaha. Aliishika sheria yenyewe, nayo ikamlipa kuku. Akamtazama Josepha pale mlangoni, na Josepha alikuwa anamtazama yeye, bila kusema, vilevile alivyovuta mkanda ule hospitalini.

Ndipo alipokumbuka neno moja ambalo hakuwahi kumpa mtu huyu, kwa sababu alikatazwa siku ya kwanza.

Alimweka kuku chini. Alivua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya gunia jingine. Kisha akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi mbele ya Leodgar, akainamisha kichwa kama binti aliyelelewa vizuri akutanapo na baba yake.

"Shikamoo, baba," alisema.

Hakuna aliyecheka. Kijana aliyekuwa akivuta kamba ya turubai aliiacha ikalegea. Mzee Nurdini alimpungia dereva mkono, na injini ikazimwa, na katika ule ukimya ilisikika sauti ya kuku peke yake, akijipigapiga mabawa.

Leodgar alikuwa bado ameshika ubao wa lori. Alitabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limekosa pa kukaa.

"Inuka," alisema. "Nilikuambia usiniamkie."

"Shikamoo, baba."

"Wewe ni mtani wangu."

Tunu hakuinuka na hakuinua uso. Aliyaona magoti ya Leodgar tu. Alijua anachokiomba. Kuitika ni jambo la neno moja tu, lakini akiitika, basi Mzaramo hakuwapo, mtumwa hakuwapo, ngoma hazikuwapo. Palikuwa na daktari na mgonjwa, na yote aliyosema daktari tangu mwanzo yalikuwa kweli. Na asipoitika, atakuwa amemkataa mtoto wa mtu aliyempigia magoti mbele ya nyumba yake, jambo ambalo hakuna mtu wa Kwihara aliyewahi kulifanya akabaki na jina.

Leodgar aliwatazama wenzake mmoja mmoja, akitafuta aliye tayari kucheka. Walikuwa wanatazama chini. Akamtazama mkewe. Josepha alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Mkono uliachia ubao. Alirudi kwenye gunia akakaa kwa uzito, kama mzigo uliotuliwa.

"Marahaba," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu mgonjwa.

Baadaye akauliza, bila kumtazama mtu, kama hicho kitu kinauma wanapokitoa. Tunu alisema watamlaza usingizi kwanza. Akauliza kama miguu itarudi kuwa miguu. Tunu alisema hajui. Alisema vinundu huweza kukauka chanzo kikitibiwa, vifundo ni jambo la kusubiri, na wanzuki asahau. Leodgar aliitikia kwa kichwa kila jibu. Kumbe alikuwa anajua tangu siku ya picha, alisema. Ila alifikiri kwamba, maadamu watu wanacheka, jambo lenyewe halijaanza.

Mzee Nurdini aliamuru mzigo ushushwe nusu. Lori la asali, lililokuwa lielekee kusini, liligeuza na kurudi mjini likiwa limembeba Leodgar juu ya magunia ya unga, Josepha akimshika kichwa, na Tunu mbele pembeni mwa dereva akiwa na kuku mapajani, kwa maana hakuna aliyekumbuka kumwambia amwache.

Leodgar na Josepha walipandishwa treni ya Mwanza. Josepha alipiga walipofika kituo cha Bukene kusema mume wake amelala. Baada ya hapo simu ilinyamaza, na kunyamaza kukaendelea.

Kuku aliishi nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Amon alikuja mara kadhaa kuuliza ni lini atachinjwa, akieleza kwa uso wake usio na mzaha kwamba anauliza kwa ajili ya sayansi. Tunu alimfukuza. Hakuweza kumchinja kuku aliyetolewa kumkomboa mtu kabla hajajua mtu huyo yuko wapi. Kila jioni alimmwagia mchele na kutazama simu. Alijua mambo mengi yanayoweza kutokea pale wanapotoboa kifuko cha namna ile. Tatizo la kuwa katika nusu ya darasa isiyolala ni hilo, kwamba unayajua yote.

Simu ililia siku moja akiwa amechuchumaa anatafuta yai. Ilikuwa namba ya Josepha. Tunu aliipokea, akasikia pumzi ya mtu, nzito, ikienda na kurudi, na hakuna neno. Si Josepha huyu. Josepha angeanza kwa salamu. Watu huvuta pumzi hivyo wanapotafuta namna ya kusema jambo lisilosemeka.

Alisema kilichokuwa karibu na ulimi.

"Shikamoo, baba."

Pumzi ilisimama.

"Nani kafa?" aliuliza Leodgar.

Tunu alikaa chini, palepale kwenye mavumbi na manyoya.

"Mimi ndiye niliyepasuliwa," iliendelea ile sauti, nyembamba lakini yenye kiburi chake chote. "Wametoa chungwa lao. Vinundu vimekauka, vimeacha madoa kama chui. Kifundo kimoja bado kigumu, nitakutembelea nikichechemea, uone aibu. Sasa kama hakuna aliyekufa, acha kuniamkiaamkia, nirudishie kuku wangu. Nilimtoa ili nisiende, na nimekwenda. Kwa hiyo sikukombolewa. Umekula mali ya watu."

Tunu alijifuta uso kwa mkono. Alivuta kamasi. Kuku mwekundu alikuwa amesimama juu ya kiatu chake, akidonoa mkanda wake kwa bidii.

"Tumeshamla," alisema hatimaye. "Miguu tumeipeleka Kisarawe."